Binti wa Baricho Aliyeimba Ugenini

Wazee wa nchi ya Ndia na jirani zao wana methali isemayo kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake tu ndiye ajuaye kupika. Watu wengi huitumia kuwacheka wale wasiotoka kijijini. Lakini yuko mtungaji mmoja wa mashairi, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo, ambaye maisha yake yaliigeuza methali hii juu chini. Bibi Micere Githae Mugo alitembea hata mabara ya mbali, akala mapishi ya kila namna, na kadiri alivyozidi kwenda mbali ndivyo alivyozidi kuutukuza wimbo wa mama yake.

Alizaliwa mwaka wa 1942 huko Baricho. Siku zile Ndia na Gichugu zilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu. Kirinyaga haikufanywa wilaya ya peke yake mpaka mwaka wa 1963. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu, na binti yao akapelekwa Alliance, shule ya wasichana, kisha akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupokewa katika shule ya wasichana ya Limuru, ambayo hapo kwanza ilikuwa ya Wazungu tu. Kutoka huko alikwenda Makerere, akapata shahada yake mwaka wa 1966.

Kila mtu aliyesoma shule za namna hiyo anawakumbuka washairi wa Kiingereza wa zamani, na hasa Lord Byron. Huyu aliondoka kwao mwaka wa 1809 akiwa kijana wa miaka 21, akazunguka Ureno, Uhispania, Albania, Ugiriki na Uturuki, akarudi mwaka wa 1811. Mwaka uliofuata alichapa shairi refu la msafiri, na jina lake likavuma Uingereza nzima. Hata picha yake iliyo mashuhuri kupita zote ilichorwa akiwa amevaa nguo za Kialbania. Kwa Byron, nchi ya kigeni ilikuwa kama shamba la kuvunia: milima, mavazi, mashujaa na magofu, vyote akavitia katika kikapu chake. Hapana ubaya katika hayo. Lakini mwenye kwenda ugenini kwa kutaka kuvuna huona zaidi yale yaliyo mageni kwake.

Safari ya Bibi Micere ilikuwa ya namna nyingine. Alikwenda Kanada kusoma, katika Chuo Kikuu cha New Brunswick. Mtoto wa Ndia huiona theluji kwa mbali tu, juu ya Kirinyaga, mlima ambao watu wa Meru huuita Kirimaara. Kanada theluji humfuata mtu mpaka mlangoni. Mwingine angaliandika juu ya theluji. Yeye alikwenda Kanada akajifunza habari za Afrika. Kitabu chake cha uchunguzi, *Visions of Africa*, kilichotoka mwaka wa 1978, kinawapima waandishi wanne: Chinua Achebe na Ngugi wa Thiong'o, ambao ni wenyeji, pamoja na Elspeth Huxley, aliyelelewa Kenya katika jamaa ya walowezi, na Margaret Laurence, Mkanada aliyepata kukaa Somalia na Gold Coast. Basi alikuwa ameketi mbali, akiangalia jinsi bara lake linavyoonekana na macho ya watu wengine.

Alirudi mwaka wa 1973 kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1976 alitoa *Daughter of My People, Sing!*, na mwaka huo huo ukatoka mchezo wa Dedan Kimathi aliouandika pamoja na Ngugi. Katika mashairi yale, mojawapo lililo mashuhuri linauliza zile nyimbo za kale zimekwenda wapi. Mtu aliyekaa nyumbani siku zote haulizi swali hilo, kwa kuwa anadhani bado anazisikia.

Na nyimbo zenyewe hazikuwa kitu kidogo. Mtoto alipozaliwa, wanawake walipiga vigelegele, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana, na kijiji kizima kikajua habari bila kuambiwa. Kulikuwa na gicandi, mashindano ya mafumbo ya waimbaji wawili, kila mmoja na kibuyu chake kilichochorwa alama. Aliyeshindwa kufumbua alinyang'anywa kibuyu mbele ya watu. Msimulizi wa hadithi hakuanza mpaka wasikilizaji wameitikia neno lake, "itha". Aliyekaa kimya alihesabiwa kuwa hayupo.

Mwaka wa 1980 Bibi Micere alichaguliwa kuwa mkuu wa kitivo chuoni, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho. Baada ya jaribio la kuipindua serikali mwezi wa Agosti 1982, alilazimika kuikimbia Kenya pamoja na binti zake wawili. Alinyang'anywa uraia, na Zimbabwe ikampa wa kwao. Kuanzia hapo haifai tena kumlinganisha na Byron, maana mtu aliyefukuzwa kwao hakuchagua njia.

Hata hivyo Zimbabwe ilimpa kitu ambacho Kanada haikuweza kumpa. Huko Washona nao wana hadithi ambazo msikilizaji sharti aitikie, "dzepfunde", ndipo msimulizi aendelee. Aliyelelewa na "itha" hawezi kuyasikia hayo asitambue kwamba yuko nyumbani kwa jirani. Baadaye akaandika kitabu kizima juu ya haki za binadamu katika fasihi simulizi ya Wagikuyu, Washona na Wandebele. Na mwaka wa 1991 alieleza fikira zake kwa mfano wa kitunguu. Kila mkulima anajua kwamba ukikimenya kitunguu hukuti kokwa, ila ganda ndani ya ganda, kila moja limelishika lingine: mtu, jamaa, kijiji na ulimwengu.

Mwaka wa 1994 mashairi yake mapya yalichapwa Nairobi, mwenyewe akiwa Marekani, kwa jina la *My Mother's Song*. Miaka 18 nyuma aliuliza nyimbo ziko wapi, sasa anaimba. Hapana budi kukiri kwamba baadhi ya mashairi hayo, yakisomwa kimya kimya, ni makavu, karibu na hotuba. Yametungwa ili yatamkwe, na watu waitikie, na ndivyo yeye mwenyewe alivyoyasoma mbele ya makutano. Tena yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo bibi kizee wa Baricho asiyejua lugha hiyo hawezi kuitikia wimbo uliotoka kwake. Mchezo wa Kimathi ndio uliobahatika: ulitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka wa 1978.

Alifundisha Syracuse, mji wa theluji nyingi katika jimbo la New York, tangu mwaka wa 1993 mpaka alipostaafu mwaka wa 2015. Siasa za Kenya zilipobadilika alipata kuja kutembea. Mwaka wa 2021, akiwa mzee na mgonjwa, alitoa kijitabu kwa wasomi wa Marekani na Afrika juu ya namna elimu ipasavyo kuwa. Kati ya maneno yote aliyoyaokota katika nchi alizokaa kwa karibu miaka 40, lile aliloliweka katika jina la kijitabu hicho ni la Kiswahili: utu. Alifariki tarehe 30 Juni 2023, umri wake miaka 80.