Vidonge vya Bure, Maji ya Mbali

Vikope, ambao madaktari huuita trakoma, ni ugonjwa unaowapata watu walioko mbali na maji. Bakteria wake huhama kutoka jicho moja hadi jingine kwa vidole, kwa ncha ya khanga inayofuta nyuso za watoto watatu mfululizo, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Kuambukizwa mara moja hakumpofushi mtu. Kinachopofusha ni kuambukizwa tena na tena utotoni, hadi makovu yakajengeka upande wa ndani wa kope, yakakaza, kope ikajikunja, na nywele zake zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wengi huzing'oa kwa kibano. Zinaota tena. Wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu hadi mara nne kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo kutwa, na vimelea vimejaa kwa watoto.

Tunapozungumzia mifuko ya hisani na jamii ambazo huduma hazizifikii, maneno huwa mengi na ushahidi huwa mchache. Kwa vikope ushahidi upo. Kuna ushirikiano wa zaidi ya robo karne ambao tunaweza kuukagua kama mkaguzi wa hesabu anavyokagua vitabu, na nchi yetu, Tanzania, imo tangu mwanzo.

Chanzo chake ni vipodozi. Edna McConnell Clark alikuwa binti wa mwanzilishi wa kampuni ya Avon, ile iliyojipatia utajiri kwa kuuza manukato na poda nyumba hadi nyumba nchini Marekani. Mfuko wa familia yake ulifadhili kwa miaka mingi utafiti wa magonjwa ya nchi za joto ambayo wengine hawakuyajali, ukiwamo utafiti wa vikope huko Kongwa, mkoani Dodoma, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walishirikiana na wataalamu wa Tanzania. Jaribio moja la Kongwa, lililochapishwa mwaka 1995, lililinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya kupaka peke yake na vijiji ambako, pamoja na dawa hiyo, wanakijiji walihamasishwa kwa nguvu kuwanawisha watoto uso. Katika vijiji vya kunawa, vikope vikali vilikuwa pungufu baada ya mwaka mmoja. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Dawa yenyewe ya wakati ule ilikuwa mtihani. Tetrasaiklini ya kupaka huwekwa machoni mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Inawasha, inatia ukungu machoni, na mtoto huikimbia. Mama mwenye watoto wanne, shamba na safari ya kuchota maji hawezi kuimaliza, na hilo si uzembe. Azithromaisini ilibadilisha mambo. Dozi moja ya kumeza ilitosha kufanya kazi ya wiki sita, kama jaribio la Gambia lilivyoonyesha. Tatizo lilikuwa kwamba ilikuwa mali ya kampuni ya Pfizer na bei yake ilikuwa ya Marekani.

Mwaka 1998 Mfuko wa Clark na Pfizer wakaunda shirika la pamoja, Mpango wa Kimataifa wa Trakoma (ITI). Tanzania na Moroko zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea dawa. Ninachokiona kuwa cha busara katika mpango huo ni masharti yake zaidi ya ukarimu wake. Nchi haikupewa dawa kwa kuomba tu. Ilibidi ikubali kazi zote nne za mkakati wa SAFE uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO): upasuaji wa kope zilizojikunja, dawa, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Na ilibidi ipime kwanza. Wilaya ambako asilimia 10 au zaidi ya watoto wa mwaka 1 hadi 9 wana dalili hupewa dawa kwa watu wote, mwaka baada ya mwaka, kisha hupimwa upya kabla ya kuongezewa. Kamati ya wataalamu hukagua maombi ya wizara. Hakuna mbunge wa kupeleka makontena jimboni kwake kwa kupiga simu.

Mgawanyo wa kazi nao ulieleweka. Kampuni hutengeneza na kutoa dawa, ITI husimamia maombi na usafirishaji, mashirika kama Sightsavers na Helen Keller hugharamia mafunzo ya wapasuaji, na wizara na halmashauri hugawa. Ugawaji umewekwa kwenye kiwango cha kijiji kabisa: badala ya mizani, mgawa dawa hubeba fimbo iliyochorwa alama, humsimamisha mtu kando yake, na urefu ndio unaoonyesha idadi ya vidonge.

Mgawa dawa huyu anastahili mstari wake. Ni mwanakijiji, mara nyingi hujitolea, na posho yake ikipatikana ni ndogo. Thamani ya vidonge huandikwa kwa dola katika ripoti za kila mwaka. Siku zake za kuzunguka kaya haziandikwi popote. Sheria ya kodi ya Marekani huipa nafuu kampuni inayotoa dawa kwa wahitaji. Siilaumu. Lakini katika ubia huu kuna mtu anayetoa bila nafuu yoyote, naye ni mkulima wa Dodoma.

Matokeo ni makubwa. Dozi zilizotolewa zimepita bilioni moja. Mwaka 2002 watu takribani bilioni 1.5 walihesabiwa kuishi katika maeneo ya hatari. Sasa ni takribani milioni 100, ingawa sehemu ya upungufu huo imetokana na kupima vizuri zaidi badala ya kukisia. Moroko ilithibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2016, Ghana mwaka 2018, Malawi mwaka 2022, na jirani zetu Burundi mwaka 2025. Lakini ya kwanza kabisa kuthibitishwa na WHO, mwaka 2012, ilikuwa Oman, na Oman ilifika huko zaidi kwa miongo ya huduma za serikali yake na kuinuka kwa maisha ya watu wake. Ulaya nako vikope viliondoka kwa maji, nyumba bora na sabuni, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikwisha kabla ya dawa hizi kuvumbuliwa.

Hapo ndipo penye upungufu. Katika kazi nne za mkakati, dawa ndiyo iliyo rahisi kutoa sadaka. Ina boksi, ina idadi, ina tarehe ya kufika. Kunawa uso, kama kule Kongwa, kunataka maji, na maji hayafungiki kwenye boksi: yanataka pampu, fundi, vipuri, ada inayolipwa kila mwezi na kamati isiyokula ada hiyo. Hakuna kampuni inayoweza kutangaza kwamba imetoa vyoo bilioni moja. Kwa hiyo wafadhili wakamiminika upande wa vidonge, na masharti ya kazi nne yakabaki kwenye karatasi zaidi ya ardhini. Huko Longido na Ngorongoro, na Turkana nchini Kenya, kwa wafugaji ambao ng'ombe na watu hugombea maji yaleyale, raundi za dawa zimepita na vikope vimerudi. Timu ya ugawaji hufika na kukuta nusu ya boma limehamia malishoni. Mtoto aliyekosa dawa hurudi na vimelea vyake.

Mfuko wa Clark baadaye uliamua kutumia mtaji wake wote na kujifunga, lakini dawa zinaendelea kufika, kwa sababu uliacha shirika lenye miguu yake. Mifuko michache hujiandaa kuondoka namna hiyo, na halmashauri inayokaribisha mfadhili ina haki ya kuuliza siku ya kwanza nani atabaki.

Wilaya inaposhuka chini ya asilimia 5, dawa husimamishwa, na baada ya miezi 24 watoto hukaguliwa tena. Kiwango kikivuka hapo, raundi huanza upya. Ningekuwa kwenye kamati ya kugawa fedha, andiko la mradi linaloomba raundi nyingine pasipo kueleza maji na vyoo vitatoka fungu gani, na idara ya maji imesaini wapi, ningelirudisha.