Karabini ya 22: bunduki ndogo ya mchezo na bei yake ya kweli

Mtu akisikia neno bunduki katika kata ya Majengo, hafikirii mchezo. Anafikiria usiku, mlango kugongwa, na Kalachnikov. Lakini tarehe 30 Julai 2024, katika Olimpiki ya Paris, Mturuki wa miaka 51, Yusuf Dikeç, alisimama mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kawaida machoni, akalenga shabaha kwa bastola ya hewa. Yeye na mwenzake, Şevval İlayda Tarhan, walipata medali ya fedha ya Olimpiki. Picha yake ilizunguka dunia kwa simu.

Kwa kijana wa Goma aliyeiona, maswali ni mengi. Ule mchezo ni gani? Bunduki yake ni ya namna gani? Na mtu asiye na pesa nyingi anaweza kuchagua vipi ile inayopiga sawasawa?

Ndogo ni kusema nini?

Bunduki inayotumiwa sana kujifunza mchezo huu inaitwa karabini ya 22, kwa jina refu "22 Long Rifle". Sasi lake lilitengenezwa Marekani mwaka 1887 na mpaka leo halijabadilika sana. Lina upana wa milimita 5.6 na uzito wa gramu 2.6 hivi. Sasi la Kalachnikov lina uzito wa karibu gramu 8, na linatoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Ukipima nguvu ya yote mawili, la Kalachnikov linapita lile la 22 zaidi ya mara kumi.

Watu wengi wanadhani bunduki kubwa ndiyo inapiga vizuri. Kwa mchezo, apana. Bunduki ya vita imetengenezwa ili soda atupe masasi mengi haraka, katika matope na vumbi. Karabini ya mchezo imetengenezwa ili sasi la pili lipite karibu na tundu la kwanza. Hairuki begani, haimtishi anayejifunza, na sasi lake ni la bei ndogo. Katika Olimpiki, mchezaji anasimama mita 50 na shabaha, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4 tu, kama ukucha wa kidole kidogo.

Vitu vitano vya kutazama

Cha kwanza ni namna ya kujaza sasi. Inayofaa ni ile ambayo mchezaji anavuta chuma kwa mkono kila mara, sasi moja baada ya lingine. Ni ya bei nafuu, haina vipande vingi vya kuharibika, na inamlazimisha mtu kutulia. Zile zinazojijaza zenyewe zinamaliza masasi haraka bila kumfundisha mtu kitu. Tena, katika nchi nyingi sheria inazikatalia raia.

Cha pili ni mtutu. Mtutu mnene hautikisiki sana na haupati moto haraka. Kwa bunduki iliyokwisha kutumika, mdomo wa mtutu ndio wa kuchunguza mbele ya yote. Kama umegongwa au umekula kutu, hata kidogo, sasi linatoka likiyumba. Rangi nzuri ya mbao haiponyi mdomo uliogongwa.

Cha tatu ni gasheti, kile kidude cha kuvuta kwa kidole. Ikiwa ngumu, mkono wote unavutika na bunduki inahama kabla sasi halijatoka. Gasheti nzuri inaachia mara moja, bila kukwaruza.

Cha nne ni kitako, sehemu inayokaa begani. Kikiwa kirefu kwa mtu mfupi, shingo inajinyoosha na jicho halikai mahali pamoja. Ni kama viatu: vya rafiki vinaweza kuwa vizuri sana na bado visikutoshe.

Cha tano ni kilengeo. Darubini ya bei ya chini inayolegea kila siku ni hasara kuliko kilengeo cha chuma cha kawaida kilichokazwa vizuri. Wachezaji wa Olimpiki wa karabini wenyewe hawatumii darubini. Wanachungulia katika kitundu kidogo.

Pesa inaenda wapi?

Katika maduka ya Marekani, karabini ya Savage Mark II inapatikana kwa karibu dola 300. CZ 457, inayotengenezwa nchini Czech, aina zake za kawaida ni kati ya dola 500 na 700 hivi. Anschütz, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1856, inatengeneza karabini za mashindano zinazopita dola 2,000. Je, ile ya 2,000 inapiga mara saba kuliko ile ya 300? Hata. Kwa mtu anayeanza, tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi ya shabaha, kwa sababu mikono yake ndiyo inatikisika kuliko chuma.

Gharama kubwa iko kwenye masasi. Tuseme sasi moja ni senti 10 za dola na mtu anapiga 100 kwa juma. Kwa mwaka ni masasi 5,200, ni kusema dola 520. Ile karabini ya dola 300 imekwisha kupitwa na chakula chake.

Hapa wachezaji wana siri moja ya bei ndogo: kila mtutu unapenda sasi lake. Karabini mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupendelea masasi tofauti. Njia ni kununua boksi moja moja za aina nne au tano, kuweka karabini juu ya mfuko wa mchanga, kisha kupiga masasi matano matano kwenye karatasi mita 50. Aina inayokusanya matundu karibu karibu ndiyo ya kununua. Mara nyingi yale yasiyopita mwendo wa sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, yanashinda yale ya kasi, kwa sababu sasi linaloshuka kupita mwendo huo linasukwasukwa njiani.

Nyumba za mbao na mawe ya volkano

Hata hivyo, udogo wa 22 usidanganye mtu. Sasi lake likipigwa juu linaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukihesabu kutoka Majengo, hizo ni avenyi ngapi, shule ngapi, vichwa vya watu wangapi sokoni? Linapita ukuta wa mbao. Na likigonga jiwe la volkano, halikai pale: linaruka na kugeuka upande ambao hakuna anayeujua. Goma yote imekaa juu ya mawe hayo. Kwa hiyo uwanja wa 22 unahitaji kilima cha udongo mnene nyuma ya shabaha na watu wasiopita kabisa. Kata iliyobanana haina nafasi hiyo.

Ndiyo maana mlango wa kwanza wa mchezo huu, sehemu nyingi za dunia, ni bunduki ya hewa. Inatumia kipande kidogo cha risasi cha milimita 4.5, kinachosukumwa na hewa bila baruti, na inachezwa mita 10 ndani ya ukumbi. Iliingia Olimpiki mwaka 1984. Alama 10 kwenye shabaha yake ni nukta ya nusu milimita, kama ncha ya kalamu. Ukumbi wa kawaida unatosha, ukiwa na ukuta mzima, kisanduku cha chuma cha kukamata vipande, na mlango uliofungwa. Bado si kitu cha watoto kuchezea: inaweza kutoboa jicho. Na kwa kuwa vipande ni vya risasi, madini yenye sumu, mtu ananawa mikono kabla ya kula.

Makaratasi mbele ya chuma

Katika Kongo, silaha na masasi vinaongozwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hawezi kushika bunduki bila ruhusa ya serikali, hata kama ni ya mchezo. Kongo pia ni kati ya nchi zilizotia sahihi Protokali ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayotaka raia wasimiliki bunduki zinazojijaza zenyewe. Ni kusema, bunduki inayouzwa kwa siri nyuma ya duka, hata ikiwa rahisi namna gani, haiwezi kuwa bunduki ya michezo. Bei yake halisi mtu anaijua siku ya upekuzi.

Jirani Kenya mchezo huu uko. Nchi hiyo ilipeleka walenga shabaha Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na leo kuna uwanja wa kulenga Kirigiti, katika Kaunti ya Kiambu. Huko nako mtu hanunui bunduki kwanza. Anapita kwenye bodi ya leseni za silaha.

Kwa Majengo kuna jambo moja la kuongeza. Baada ya mapigano ya mwisho wa Januari 2025, masasi na mabaki ya silaha yalibaki yametawanyika mjini. Kitu kama hicho hakiokotwi na hakijaribiwi. Watoto waambiwe, na wakubwa watoe habari kwa wanaohusika. Vilevile bunduki ya hewa, au hata ya plastiki, haitembezwi barabarani. Kwa mbali na jioni, inafanana na ile ya vita, na mwenye silaha ya kweli hatauliza inapiga nini.

Basi anayetaka mchezo huu apange hivi: kwanza mahali salama, pili mwalimu, tatu makaratasi, na bunduki mwisho. Kwenye klabu nzuri anayeanza hutumia bunduki ya klabu, na miezi ya kwanza inaenda kwenye kusimama, kupumua na kuvuta gasheti bila sasi ndani. Kusimama dakika kumi bila kutikisika, pumzi ikienda polepole, kunaweza kuanza leo nyumbani, mikono mitupu. Hakuombi ruhusa ya mtu, na hakugharimu hata franga moja.