Utangulizi: Kuusoma Mji wa Bandari Kabla ya Kufunga Safari

Anayenijia akitaka ushauri wa kwenda likizo katika mji wa kale wa bandari huanza na swali lile lile: ngome iko wapi, na hufunguliwa saa ngapi? Swali halina ubaya. Ila taaluma ninayokukaribisha ndani yake, yaani historia ya miji ya bandari, huanzia pengine kabisa. Huuliza kwanza maji ya kunywa yalitoka wapi, vyombo vilisubiri upepo gani, mawe ya nyumba yalichimbwa wapi na nani aliyabeba. Ngome hufuata, na aghalabu hufuata kwa kuchelewa: mkoloni alipofika kuijenga, mji ulikuwa na msikiti wake, soko lake na wenyewe.

Badala ya kukutembeza dunia nzima, nitautumia mji mmoja, nao ni Kisiwa cha Msumbiji. Wareno walikiita Ilha de Moçambique, na kwa Kimakua huitwa Omuhipiti. Kiko pwani ya jimbo la Nampula, kina urefu wa kilomita 3 hivi, na upana wake ni wa kutembea dakika chache tu kutoka ufuko mmoja hadi wa pili. Daraja jembamba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 hukiunganisha na bara. Nchi nzima imechukua jina la kisiwa hiki. Kilikuwa makao makuu ya koloni la Wareno hadi 1898, serikali ilipohamia Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hapo si ugenini sana. Katika njia ya baharini kutoka Kilwa kwenda Sofala kuliko na dhahabu, kisiwa hiki kilikuwa kituo. Vasco da Gama alipotia nanga Machi 1498 alikuta shekhe anayetawala na wafanyabiashara Waislamu wenye majahazi yaliyosheheni. Mwanzoni wenyeji walidhani wageni hao ni Waislamu wenzao. Ukweli ulipojulikana uhusiano ukaharibika, Wareno wakafyatua mizinga kabla ya kuendelea kaskazini hadi Mombasa na Malindi. Miaka michache baadaye walirudi kukaa.

Tuanze na upepo, kwa kuwa ndio utakaokupangia tarehe. Merikebu za Wareno zilizokuwa zikienda India ziliondoka Lisbon kwenye Machi au Aprili ili zizunguke Rasi ya Tumaini Jema na kuiwahi kusi ya kuzipeleka Goa. Iliyochelewa ililazimika kungoja kisiwani kwa miezi, na mabaharia wake, walioingia tayari wamedhoofishwa na kiseyeye, walikufa kwa homa wakiwa wanangoja. Ndiyo maana Wareno walijenga hospitali hapo mapema mno. Mtu anayeuona mji huu kama makao ya raha ya mabwana wa kikoloni asisahau kwamba kwa Wareno wengi wa karne ya 16 palikuwa mahali pa kuugulia. Luís de Camões, mshairi mkubwa wa Ureno, alikwama hapo kati ya 1567 na 1569, akiishi kwa hisani ya marafiki mpaka walipomchangia nauli ya kurudi kwao. Leo ana sanamu kisiwani. Sijui kama angeipenda.

Wewe hutangoja kusi, lakini kalenda ile ile inakuhusu. Kuanzia Mei hadi Oktoba hali ya hewa ni kavu na yenye upepo mzuri. Desemba hadi Machi ni joto, mvua na hatari ya vimbunga. Kimbunga Gombe kilipiga pwani hii Machi 2022, na Jude kikafuata Machi 2025. Bei za vyumba zikishuka Februari, usione ni bahati.

Baada ya upepo, maji. Kisiwa ni jiwe la matumbawe lisilo na mto wala chemchemi. Ukiingia ngome ya São Sebastião, ambayo ujenzi wake ulianza 1558, wengi watakuonyesha mizinga. Wewe tazama sakafu. Ua wenyewe umejengwa kwa namna ya kukusanya mvua na kuiingiza katika birika kubwa chini yake. Waholanzi waliizingira ngome hii mwaka 1607 na tena 1608, wakauchoma mji, wasiweze kuichukua ngome. Na birika hilo halikubaki kuwa la askari: kwa miaka mingi wakazi wa kisiwa nao wamechota maji humo. Bandari bila maji haikai, hata iwe na mizinga mingi namna gani. Kwenye ncha ya kisiwa, nyuma ya ngome, kuna kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte la mwaka 1522, linalotajwa kuwa jengo kongwe kuliko yote ya Wazungu yaliyosimama kusini mwa ikweta. Ni dogo na la kawaida, na litakuchukua robo saa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niwapeleke wanafunzi wangu kwenye mji huu, angalau kwa ramani, kabla ya mji mwingine wowote. Kisiwa kina sehemu mbili. Kaskazini ni Mji wa Mawe, wenye kasri, makanisa, forodha na maghala ya kuta nene za matumbawe na chokaa. Kusini ni Mji wa Makuti, na huko ndiko wanakoishi watu wengi. Watalii wengi humaliza siku zao kaskazini na kupita kusini ndani ya gari tu, wakiingia na wakitoka darajani.

Teremka kwa miguu. Utagundua kwamba neno teremka lina maana yake halisi hapa. Barabara iko juu, na vitongoji vya makuti viko chini yake, kiasi kwamba ukiwa umesimama barabarani unatazamana na mapaa ya nyumba. Huoni mlango, unaona paa na moshi wa jiko. Watoto wanapanda kwa ngazi kuja barabarani. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukimbilia huko huko chini, kwenye vibaraza.

Sababu yake ni kwamba pale palikuwa machimbo. Mawe ya kasri, ya makanisa na ya nyumba za wafanyabiashara yalikatwa upande wa kusini, na waliobaki kuishi ndani ya shimo ni wale waliokuwa wakiyakata na kuyabeba, na vizazi vyao. Kila ukuta mzuri utakaoupiga picha kaskazini una shimo lake kusini. Sijaona mji mwingine unaoonyesha uhusiano wa mkoloni na mtawaliwa wazi namna hii, bila kibao wala mwongozaji. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa mipango ni huu: muda wako ugawe sawa kwa sawa kati ya sehemu hizo mbili, na kusini uende kwanza.

Ukipata mwongozaji, tafuta aliyezaliwa Makuti, na mpatane bei kabla ya kuanza kutembea. Usipige picha ndani ya ua wa mtu kwa sababu tu unauona kutoka juu. Saa za asubuhi utawaona wanawake waliojipaka msiro usoni, rojo jeupe la mti unaosagwa kwa maji juu ya jiwe. Bibi wa Mombasa au Unguja angekumbuka liwa. Ukibahatika kufika wakati wa sherehe, uliza kama kuna tufo, ngoma ya wanawake waliovaa kapulana, leso za huko, za sare, wakiimba huku wamepiga magoti au kusimama mstari mmoja, na matari yakipigwa. Tufo imekulia katika Maulidi, na Maulidi hapa yana historia ya pwani yetu nzima: tarika ya Shadhiliyya na ile ya Qadiriyya zilifika kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 kupitia masharifu na masheikh waliotoka Ngazija na Unguja. Serikali ya kikoloni ilikuwa inahama kwenda kusini, na kisiwa kikawa kinazidi kuwa kituo cha dini kwa Waislamu wa kaskazini mwa Msumbiji. Vitabu vya watalii husema mji ulikufa 1898. Uliokufa ni mji wa maofisa.

Biashara iliyojenga mji inahitaji sehemu yake, nayo haina utamu. Nguo kutoka Gujarat zilibadilishwa kwa pembe za ndovu. Mwaka 1686 Wabanyani wa Diu walipewa haki ya pekee ya biashara kati ya mji wao na kisiwa hiki, na misafara ya Wayao ikawa inaleta pembe hadi Mossuril, ng'ambo ya kisiwa. Katika karne ya 18 watu nao wakawa bidhaa kubwa, wakipelekwa visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, kisha Brazil na Cuba. Edward Alpers alieleza mageuzi hayo mwaka 1975 katika kitabu ambacho bado nawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tomás António Gonzaga, mshairi aliyefukuzwa Brazil mwaka 1792 kwa kushiriki njama dhidi ya Ureno, alihamishiwa hapa, akaoa binti wa mfanyabiashara tajiri wa watumwa. Mtu aliyeadhibiwa kwa kutaka uhuru aliishi kwa mali ya namna hiyo, na sidhani kama jirani yeyote wa Mji wa Mawe alishangaa.

Desemba 1794 meli São José iliondoka kisiwani kwenda Maranhão, Brazil, ikiwa na watu zaidi ya 400 waliofungwa ndani. Tarehe 27 ya mwezi huo ilivunjika kwenye miamba karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa maji. Waliookolewa waliuzwa huko huko Cape. Mabaki ya meli yalitambuliwa rasmi 2015, na wapiga mbizi wakazamisha mahali pale udongo uliotolewa Mossuril. Ukisimama ufukweni ukitazama bara, Mossuril ndiko ng'ambo ile unayoiona.

Hapo linaingia suala la shanga. Bahari inayozunguka kisiwa imejaa mabaki ya meli, na mawimbi huleta shanga za biashara ya zamani, ambazo watoto huziokota, huzitunga na kukuuzia. Wanahistoria hatukubaliani kuhusu kununua. Mimi naona shanga iliyookotwa ufukweni na mtoto anayetafuta pesa ya daftari si kosa kubwa; vigae vya kauri na sarafu ni jambo jingine, usinunue kamwe. Miaka ya 2000 kampuni ya kibiashara iliruhusiwa kuzamia meli za hapa, na baadhi ya kauri zilizopatikana zilipigwa mnada Amsterdam mwaka 2004. Chombo kikishatenganishwa na meli yake, hakuna mwanaakiolojia awezaye kukirudishia habari zake. Vilivyobaki kisiwani baadhi viko kwenye makumbusho ya bahari, ndani ya kasri jekundu la São Paulo, ambalo kabla ya kuwa la magavana lilikuwa chuo cha Wajesuti.

Swali la mwisho la taaluma hii ni kwa nini mji umebaki hivi. Jibu liko Nacala, kaskazini kidogo, kwenye bandari ya kina kirefu iliyoungwa na reli katikati ya karne ya 20. Meli zilihamia huko. Pesa ya kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya haikupatikana, nyumba zikabaki. Nyingi bila paa, mizizi ya mitini imepasua kuta. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyoisha 1992, wakimbizi kutoka bara walijaa kisiwani. Siku hizi baadhi ya nyumba za mawe zimekarabatiwa kuwa nyumba za wageni, na pengine utalala katika mojawapo. Uliza ilikuwa ya nani; wenyeji hujua.

Mambo ya safari ni mafupi. Njia rahisi ni ndege hadi Nampula, kisha gari au chapa, kama wanavyoita daladala huko, kwa karibu kilomita 180. Ramani itakutamanisha kuvuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja na kuteremka kwa barabara, lakini mashambulizi yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 yamewahi kufika hata kaskazini mwa jimbo la Nampula, kwa hiyo usiifuate njia hiyo bila taarifa mpya za usalama. Beba meticais, pesa ya Msumbiji, taslimu. Kireno kidogo kitakusaidia madukani, na kwa Kimakua utaamkiwa salama, utaitikia salama. Agiza matapa ya siri-siri, mboga ya ufukweni iliyoungwa kwa tui na korosho, na iagize mapema kwa sababu haipikwi kwa haraka.

Ukiwa na siku tatu, ya kwanza ipe Makuti, ya pili Mossuril kwa mashua, ya tatu Mji wa Mawe. Ngome iweke jioni ya siku hiyo ya tatu, na uwahi kabla haijafungwa.