Mimea ya Ndani kwa Nyumba za Unguja

Mmea wa ndani ni ule unaoweza kuishi miaka mingi ndani ya chungu, chini ya dari, kwa mwanga mdogo kuliko wa shambani. Mingi katika mimea hiyo ina asili yake kwenye misitu ya nchi za joto, ambako huota chini ya miti mikubwa na kuzoea kivuli tangu ikiwa michanga. Kwa hivyo mkaazi wa Unguja huanza na neema ambayo mwenzake wa Ulaya hulazimika kuinunua: joto ambalo mara chache hushuka chini ya nyuzi 20, na hewa yenye unyevu karibu mwaka mzima. Kinachobaki kwake ni kufahamu mwanga wa nyumba yake, udongo na maji. Anayeyajua hayo kabla ya kwenda kitaluni hurudi na mmea utakaodumu. Anayechagua kwa uzuri wa jani peke yake huutupa baada ya miezi michache.

Kupima mwanga

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kulikimbia jua. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hufikia unene wa nusu mita na zaidi, vichochoro ni vyembamba, na nyumba ya mbele huziba sehemu kubwa ya anga. Vyumba vya chini huwa na giza hata adhuhuri. Mwanga wa kufaa hupatikana kwenye behewa, yaani ule uwazi wa katikati ya nyumba, kwenye roshani, karibu na madirisha ya ngazi na katika vyumba vya ghorofa ya juu. Katika nyumba mpya za Mpendae, Kiembesamaki au Fuoni mambo huwa kinyume: madirisha ni mapana, na jua la alasiri likipita kwenye kioo cha upande wa magharibi huunguza majani.

Kipimo rahisi hakihitaji chombo. Saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa, karatasi nyeupe huwekwa pale mmea utakapokaa, na mkono huinuliwa kiasi cha shibiri moja juu yake. Kivuli chenye kingo kali kinaonyesha mwanga mkubwa. Kivuli hafifu ambacho vidole bado vinahesabika ni mwanga wa kati, unaozifaa aina nyingi. Pasipo na kivuli kabisa, mmea hauwezi kuishi muda mrefu. Labda ukae hapo wiki moja kisha urudishwe mwangani.

Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Dirisha linaloufaa mmea katika kipupwe huenda lisiufae wakati wa kaskazi, na kuuhamisha kwa hatua mbili tatu kunatosha.

Mimea ya kuanzia

Mmea mvumilivu kuliko yote una asili yake hapahapa pwani. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na huota kutoka Kenya hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Wataalamu wa Ulaya waliueleza tangu 1829, lakini ulibaki katika bustani za watafiti hadi wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996. Leo umeenea katika maduka ya maua duniani, na wauzaji wengi wanaotumia Kiingereza huuita johari ya Zanzibar.

Siri ya uvumilivu wake imo chini ya udongo. Mmea ukitolewa kwenye chungu, huonekana shina nene lililojaa vinundu kama viazi mviringo, na kila bua lililosimama limevimba kwenye kitako chake. Humo ndimo maji yanamohifadhiwa. Porini, ukame ukizidi, mmea huangusha vijani vyake na kuisubiri mvua kwa akiba hiyo. Ndani ya nyumba huweza kukaa wiki tatu bila ya kumwagiwa. Kijani kimoja kilichoanguka, kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, hufanya kinundu kwenye ncha yake ya chini, na baada ya miezi kadhaa huchipua mmea mpya.

Wa pili ni sansevieria, wenye majani magumu yaliyosimama wima. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa, na maji hupotea kwa njia hiyo. Sansevieria huvifungua usiku, wakati joto limepungua, kwa hivyo hupoteza maji kidogo sana. Aina inayouzwa zaidi, yenye kingo za manjano, imetokana na mmea wa Afrika Magharibi, lakini Afrika Mashariki ina aina zake nyingi. Mojawapo, Sansevieria kirkii, ina jina la John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, aliyekuwa na shamba lake Mbweni na kupeleka mimea ya pwani hii kwenye bustani ya Kew, London. Kwa njia hiyohiyo Kew ilipata ua dogo la kivulini ambalo mtaalamu wa mimea Joseph Hooker alilipa jina la Impatiens sultani mwaka 1882, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi huitwa Impatiens walleriana, na hulifaa behewa lenye mwanga, mradi udongo wake usikauke.

Wa tatu ni pothosi, mmea unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, asili yake visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Huning'inizwa kwenye behewa au huachwa uteremke kutoka juu ya kabati. Kipande chenye kifundo kimoja kikitiwa ndani ya chupa ya maji hutoa mizizi kwa wiki chache. Wa nne ni Dracaena fragrans, wa jamii ya masale ambayo Wachaga wa Kilimanjaro huyatumia kuombea msamaha na kuweka mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Huota kwenda juu, kwa hivyo hukaa vizuri pembeni mwa ukumbi. Penye dirisha la jua hufaa mshubiri, ambao hukaa kavu kati ya maji na maji.

Mrehani, mwasmini na mwaridi ni mimea ya nyumba za Kizanzibari tangu zamani, lakini si ya chumbani. Yote hutaka saa kadhaa za jua kamili kila siku. Mahali pake ni roshani au juu ya dari ya wazi. Ikiingizwa ndani hurefuka, hupauka na kuacha kutoa maua.

Udongo na chungu

Wakulima wa Unguja huutofautisha udongo kwa majina. Kichanga hupitisha maji haraka, kinongo ni mwekundu na hushika rutuba, kinamo hunata, na uwanda ni ule wa ardhi ya mawe ya matumbawe. Kinamo kitupu ndani ya chungu huganda na kuinyima mizizi hewa. Mchanganyiko mzuri kwa anayeanza ni sehemu mbili za kinongo, sehemu moja ya mchanga mnene wa shambani, sehemu moja ya makumbi yaliyochambuliwa, na kiasi kidogo cha samadi iliyokwisha kuoza. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba nayo huoshwa mara kadhaa kwa maji baridi kabla ya kutumiwa.

Chungu lazima kiwe na tundu chini, na kigae kimoja juu ya tundu huzuia udongo usitoke. Chungu cha udongo wa kuchoma hukauka haraka, na humfaa mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagia. Cha plastiki hushika maji zaidi. Kikubwa kupita kiasi hubaki na majimaji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza, kwa hivyo chungu kipya hakipaswi kukizidi cha zamani kwa zaidi ya vidole viwili kila upande.

Maji kwa majira

Mimea mingi ya ndani hufa kwa kuzidishiwa maji kuliko kwa kiu. Mizizi huvuta hewa kama ilivyo kwa majani, na udongo uliojaa maji siku zote huiozesha. Kumwagia kwa ratiba ya siku si njia nzuri; kinachotazamwa ni udongo. Kidole huingizwa hadi kifundo cha pili, na kikikuta unyevu, mmea husubiri. Kikitoka kikavu, humwagiwa hadi maji yatokee chini, kisha huachwa. Kwa Zamioculcas, sansevieria na mshubiri, chungu chote hukauka kwanza.

Majira hubadilisha hesabu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa hujaa unyevu na udongo hukauka polepole, kwa hivyo maji hupunguzwa hata kwa nusu. Kaskazi ya Januari na Februari ina joto na upepo, na pothosi iliyo karibu na dirisha huenda ikahitaji maji mara mbili kwa wiki. Visima vingi vya mjini vina maji ya magadi au chumvi, ambayo huacha utando mweupe juu ya udongo na kuunguza ncha za majani. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko yote. Pasipo na hayo, chungu husuuzwa kwa maji matamu mengi kila baada ya miezi miwili.

Maji yanayokusanyika kwenye kisahani humwagwa siku hiyohiyo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga ndani ya vyombo vidogo vya namna hiyo, na kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kiasi cha wiki moja katika joto la kisiwani. Katika nyumba kongwe kuna sababu ya pili: ukuta wa chokaa hunyonya unyevu, na boriti za mikoko zinazobeba sakafu huoza zikirowa. Chungu hukaa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, juu ya kigoda na kisahani, wala hakiwekwi juu ya sakafu yenye nyufa.

Dalili na usalama

Majani ya chini yakigeuka manjano na kulegea, maji yamezidi. Ncha zikikauka na kuwa kahawia, sababu ni chumvi au ukavu. Mmea ukirefuka, ukapauka na kuelemea dirishani, unatafuta mwanga. Vidung'ata, wadudu weupe wanaofanana na pamba kwenye makwapa ya majani, hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, tena na tena hadi waishe. Vumbi nalo hufutwa kwa kitambaa kibichi, kwani huziba mwanga.

Zamioculcas na pothosi ni ya ukoo mmoja na majimbi, na kama majimbi mabichi, utomvu wake huwasha mdomo na koo. Hivyo huwekwa juu, mbali na watoto wadogo na paka. Khofu kwamba mmea humaliza hewa ya chumba usiku haina msingi, kwani kiasi unachotumia ni kidogo mno kuliko cha mtu mmoja aliyelala. Nayo imani kwamba mmea mmoja husafisha hewa ya nyumba imetokana na majaribio ya NASA ya 1989, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Katika chumba chenye madirisha wazi, upepo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mizizi ikianza kutokeza kwenye tundu, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili, mmea huhamishiwa chungu kipya au hugawanywa. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, ambapo unyevu wa hewa huipa mizizi iliyokatika nafasi ya kupona. Kila kipande hubaki na jani na mzizi, hupandwa katika udongo mpya, na huwekwa kivulini kwa wiki mbili kabla ya kurudishwa mahali pake.