Mwalimu wa michezo ampime mtoto kwa saa, au kwa alichojifunza?

MWALIMU tarajali wa michezo anapokwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza hubeba andalio la somo, kipenga na saa ya kuhesabu sekunde. Kitu ambacho mara nyingi hana ni jibu la swali lisilomsumbua sana mwenzake wa Hisabati: mwanafunzi apewe alama kwa lipi?

Katika Hisabati, aliyepata jibu sahihi amepata. Uwanjani mambo si hivyo. Yupo mtoto mwenye miguu mirefu anayemaliza mita 100 mbele ya wenzake bila kufundishwa chochote, na yupo aliyejitahidi muhula mzima akafika wa mwisho. Mwalimu anayefuata saa peke yake humpongeza wa kwanza kwa maumbile yake, na humwadhibu wa pili kwa maumbile yake vilevile.

Suala hili linawahusu pia wazazi wa mijini, ambako viwanja vimegeuka maduka na maegesho ya magari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka mitano hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli zinazochangamsha mwili. Kwa baadhi ya watoto, mchakamchaka wa asubuhi na kipindi cha michezo ndiyo nafasi pekee ya kutokwa jasho. Mtoto anayeaibishwa hapo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutafuta kisingizio cha kubaki darasani.

Vipimo vinavyotumika sana shuleni vilibuniwa kwa shabaha nyingine. Ule wa kukimbia dakika 12 na kupima umbali uliofikiwa ulitangazwa mwaka 1968 na daktari Kenneth Cooper, aliyekuwa akichunguza uwezo wa askari wa Jeshi la Anga la Marekani. Ule wa kwenda na kurudi katika umbali wa mita 20, huku mlio ukizidi kuharakisha mwendo, ulitoka kwa Luc Léger wa Montreal, Kanada, mwaka 1982. Vyote viwili hukadiria uwezo wa moyo na mapafu. Havisemi mwanafunzi amefundishwa nini.

Marekani yenyewe imeyumba katika jambo hili. Mwaka 1956, baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa watoto wa huko walikuwa dhaifu kuliko wa Ulaya katika majaribio mepesi ya misuli, Rais Eisenhower aliunda baraza la kusimamia afya ya viungo vya vijana. Miaka kumi baadaye ikaja tuzo ya rais kwa waliofanya vizuri kuliko asilimia 85 ya wenzao, maana yake wengi walijua mapema kuwa haiwahusu. Mtihani huo uliachwa katika mwaka wa masomo wa 2012/13, ukawekwa mpango wa kumlinganisha mtoto na kiwango cha afya badala ya jirani yake. Julai 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuurejesha.

Kulinganisha watoto wa darasa moja kuna hila yake. Wasichana kwa kawaida hutangulia kubalehe kwa takriban miaka miwili, na hata wavulana wawili wenye umri sawa wanaweza kutofautiana sana kwa urefu na nguvu. Alama ya mbio katika umri wa miaka 13 mara nyingi hupima nani amebalehe.

Basi apime nini? Jibu limefungamana na namna anavyofundisha. Mwaka 1966 Muska Mosston alichapisha kitabu kilichopanga mitindo ya kufundisha kwa kuuliza nani anaamua: mwalimu au mwanafunzi. Mtindo wa amri, ambao kwetu unajulikana mno, huwaweka wote katika mstari wakifuata kipenga. Unafaa pale penye hatari, kama kurusha mkuki. Hauwezi kumwonyesha mwalimu ni nani kati ya watoto 80 ameelewa.

Mtindo mwingine huwagawa wawili wawili. Katika mpira wa pete, mmoja hutoa pasi ya kifua na mwenzake hushika karatasi yenye mambo machache ya kutazama: viwiko viko wapi, mguu umetangulia, mpira umefika usawa wa kifua? Kisha hubadilishana. Hivyo kila mtoto anatazamwa, na anayetazama anajifunza. Kasoro yake ni urafiki, kwa kuwa rafiki humpa rafiki alama za bure. Mwalimu analazimika kupita akihakiki baadhi ya karatasi.

Mfano wa Mosston uliokaa zaidi vichwani mwa walimu ni wa kamba. Ikifungwa kimo kimoja kwa wote, anayeshindwa kuruka hutolewa kando, na wanaobaki kufanya mazoezi ni wale wasioyahitaji sana. Kamba hiyohiyo ikiinamishwa, upande mmoja karibu na ardhi na mwingine juu, kila mtoto huchagua pa kurukia na hakuna anayetolewa. Mwalimu huandika mtoto alianzia wapi wiki ya kwanza, na wiki ya sita anarukia wapi. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya somo, na gharama yake ni kamba na miti miwili.

Kuhusu michezo ya mpira, David Bunker na Rod Thorpe wa Loughborough, Uingereza, walipendekeza mwaka 1982 kuanza na mchezo mdogo ili mtoto aelewe kwa nini anatoa pasi, kabla ya kumsahihisha namna ya kuitoa. Hapo anayepimwa ni pia yule anayejua kutafuta nafasi, hata kama si mwepesi.

Tanzania imekuwa na somo la Haiba na Michezo, na mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Lakini kwa miaka mingi michezo haikutahiniwa katika kumaliza elimu ya msingi, na kipindi chake kilikuwa cha kwanza kuazimwa na Hisabati mitihani ilipokaribia. Mwalimu tarajali mwenye daftari linaloonyesha wiki ya kwanza na ya sita ana cha kumwekea mwalimu mkuu mezani siku atakapokuja kukiazima tena.