Kutu haiponi kwa kufunikwa

Sisi wa Masisi na Walikale tunajua kujenga ni taabu. Simenti hupanda milima na kupita msituni kwa njia za matope, na bei yake huongezeka njiani. Ndiyo maana inauma kuona nguzo ya kanisa au ya shule iliyokwisha kutengenezwa ikipasuka tena, mara nyingi kando kabisa ya kiraka kipya.

Betoni nzuri hukinga chuma kilicho ndani yake, kwa sababu simenti ina ukali kama wa magadi. Lakini hewa huingia polepole na kuumaliza ukali huo. Betoni ikichanganywa kwa maji mengi, au chuma kikiwa karibu sana na nje, hewa hukifikia upesi. Ndipo maji ya mvua huleta kutu. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma iliyokila, nayo husukuma betoni mpaka ipasuke.

Fundi akiziba ufa tu, ameficha ugonjwa. Hata akisafisha mahali pale peke yake, betoni ya zamani iliyo kando imekwisha kupoteza ukali wake. Tena, sehemu ya chuma iliyokuwa ikiliwa ilizikinga sehemu za jirani. Ikipata simenti mpya, kutu inaweza kuhamia kwa hao jirani. Jambo hilo huonekana zaidi penye chumvi, kama pwani.

Tufanyeje basi? Kwanza tuweke miti imara ya kushikilia mzigo. Kama ni daraja au nyumba ya ghorofa, tumwite injinia kabla ya kugusa kitu. Tugonge nguzo yote kwa nyundo ndogo: inapolia kama kitu kitupu, betoni imeachana na chuma. Tuchimbe mpaka tufikie chuma kizima, na kidole kiweze kupita nyuma yake. Tukisugue kwa brashi ya waya. Kilichokonda sana kifungiwe kingine kando. Tukifunike kwa betoni ya sentimita 3 hivi, tuimwagie maji siku 7. Mwisho tuzibe bati linalovuja, maana pasipo maji kutu haiendelei.

Injili ilikwisha kutuonya juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu. Basi kamati ya ujenzi, kabla ya kutoa sadaka ya waamini kumlipa fundi, imwulize: “Kutu iliishia wapi?” Naye aonyeshe kabla hajafunika. Chini ya nguzo hiyo watoto wetu hukaa kila siku.