Je, Wajua? Msimu wa Mafahali Unabisha Hodi

Mwaka wa rodeo huanza Oktoba
Nchini Marekani, wanarodeo wa kulipwa, yaani washindani wa michezo ya kupanda mafahali na kuangusha ng'ombe, hawasubiri Januari. Hesabu hufungwa tarehe 30 Septemba na msimu mpya huanza kesho yake, wakati kwao baridi inanyemelea na sisi wa Tarime na Serengeti tunatazama mawingu ya vuli. Cheo hupimwa kwa fedha alizoshinda mtu, na 15 bora wa kila mchezo hukutana Desemba kwenye fainali, zilizohamia Las Vegas mwaka 1985.

Sekunde 8 tu
Ndizo anazotakiwa mpandaji kudumu mgongoni mwa fahali. Pumzi mbili tatu, basi! Hushika kamba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukimgusa mnyama, hana alama. Chini ya tumbo la fahali huning'inia kengele, na mpandaji akiachia, uzito wa kengele huivuta kamba idondoke. Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni hii: kati ya alama 100, nusu ni za mtu na nusu ni za fahali. Ukipangiwa fahali mvivu, ushindi unakukimbia hata kama umekaa kama umegandishwa.

Wana undugu na ng'ombe wetu
Mafahali wengi wa rodeo wana damu ya Brahman, aina iliyokuzwa Marekani kutokana na ng'ombe wenye nundu waliotoka India. Na ng'ombe wa Tarime, je? Wataalamu wa mifugo wanawahesabu kuwa kundi lenye jina lake miongoni mwa zebu wa pembe fupi wa Tanzania, na ukoo wa zebu ulianza kufugwa bonde la mto Indus yapata miaka 8,000 iliyopita. Siku ya mnada mtazame dume anavyopita: nundu inayumba, ngozi ya shingoni inaning'inia, mkia unafukuza nzi. Fahali wa rodeo anaweza kufika kilo 800, na wetu mara nyingi hafikii nusu yake. Lakini jua, kupe na malisho haba anavistahimili kwa namna ya kustaajabisha.

Fahali aliyeshinda mara 309
Red Rock alipandwa mara 309 mashindanoni, na hakuna hata mmoja aliyemaliza sekunde 8. Alistaafu mwaka 1987. Mwaka uliofuata akarudishwa uwanjani kwa raundi saba dhidi ya Lane Frost, bingwa wa dunia wa 1987. Frost alishinda, ila kwa 4–3!

Aliyemng'ata ng'ombe mdomo
Bill Pickett, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870, aliruka kutoka juu ya farasi, akakamata pembe, kisha akamng'ata ng'ombe mdomo wa juu hadi akalala, kama alivyoona mbwa wa kuchunga wakifanya. Kumwangusha maksai kwa mikono bado ni mchezo rasmi wa rodeo, kung'ata kumeachwa.

Na huku kwetu?
Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno waliotamba pwani yetu karne ya 16 na ya 17. Fahali hufungwa kamba, mchezaji humchokoza kwa kitambaa na kumkwepa, na mnyama hauawi. Rangi ya kitambaa haina uzito, kwa kuwa macho ya ng'ombe hayaioni nyekundu kama yetu. Kinachomchemsha ni mtikisiko.

Magharibi mwa Kenya, Waisukha na Waidakho huwapambanisha fahali kwa fahali. Anayegeuka na kukimbia ameshindwa. Ngoma ya isukuti inayowasindikiza iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukitaka kuwaona sikukuu za Desemba, vuka mpaka Sirari, pita Migori na Kisumu, ulale Kakamega, maana mafahali hukutanishwa asubuhi.